Hewa Ndani ya Breki

Sikuwa na cheti cha ufundi. Sikuwa na shimo la kusimamia chini ya gari. Nilikuwa na jeki mbili na magogo ya mkaratusi. Sikuwa na mashine ya kupimia breki. Sikuwa na macho ya ujana. Sikuwa na simu ya kutazamia mafundi wa nchi za mbali wanavyofanya, na hata ningekuwa nayo nisingeiuliza kitu. Na wiki ile sikuwa na mtu wa kukaa ndani ya gari akanikanyagia pedali ya breki.

Nilichokuwa nacho ni kitabu kimoja cha ufundi cha Kiingereza, nilichokisoma miaka kumi na mmoja huku kamusi iko pembeni, na jina. Kutoka Nyarero hadi Sirari, ukisema gari limepita kwa Hezekia, mnunuzi haombi hata kufunguliwa boneti.

Niliingia darasa la kwanza nikiwa na ndevu, katika masomo ya jioni, nikitoka kazini na grisi mikononi. Nasema hivi ili mjue kwamba anayewaandikia si mjinga. Mjinga ana kisingizio.

Kwa ambaye hakusoma niliyoandika wiki iliyopita, nitasema kwa kifupi. Mwanangu Waitara, anayechimba dhahabu kwenye mashimo madogo ya Nyakunguru, alinunua Subaru ya mbio iliyochoka. Hakuinunua kwa ajili yake. Aliinunua kwa ajili ya mkewe Precious, aliyewahi kuendesha malori makubwa ya mawe mgodini hadi mkataba ulipokwisha, na anayeujua usukani kuliko mwanaume yeyote niliyemwona, mimi nikiwemo.

Kule Kenyamonta, alikozaliwa Precious, kuna kiwanja cha ndege cha zamani chenye lami. Mara moja kwa mwezi wenye magari hukutana pale. Kila mmoja huzungusha gari lake kwa kasi anayoiweza, na muda wake hupimwa. Hakuna zawadi. Ni raha tu.

Gari lile nililigeuza kwa mikono yangu. Nilikata sailensa nikaweka bomba nene la moshi lililonyooka, ekzosi ikanguruma hadi kuku wa ndugu yangu Ezra wakasusa kutaga. Nikatoa springi na shokapu za zamani, nikaweka fupi na ngumu. Nikafunga diski kubwa za breki kwenye magurudumu yote manne, na vyuma vipya vya kuzibana.

Sasa sikilizeni. Ukifungua paipu za breki, hewa inaingia. Hewa ikibaki humo, pedali inaonekana nzima gari likiwa baridi. Breki zikipata moto, mguu unazama kama umekanyaga godoro. Kuitoa hewa hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja ndani anakanyaga na kuachia, mwingine amelala chini analegeza nati na kuikaza.

Mke wangu Agustina alikuwa msibani kwao. Waitara alikuwa machimboni. Nyumbani tulibaki mimi na Precious.

Ninyi wa mbali mtashangaa. Kwetu baba mkwe halali chini, mke wa mwanawe akiwa amekaa juu yake. Hatupeani mkono. Hatukai gari moja. Ndani ya nyumba ya mwanangu mguu wangu haujawahi kuingia. Ningeweza kumwita Ezra, nyumba ya pili tu kutoka kwangu. Sikumwita. Angekwenda kusimulia kwamba siku hizi Hezekia anasaidiwa.

Nikaikandamiza pedali kwa kipande cha mbao nilichokikaza kwenye kiti. Nikaenda chini, nikarudi juu, nikaenda chini. Jua lilipokaribia kuzama nilijiambia hewa imekwisha.

Siku ya kiwanja, Precious akiwa usukani, mzunguko wa nne, mwisho wa ile lami ndefu, gari halikusimama. Liliikosa kona, likaingia kwenye matairi ya kinga. Nyuma ya matairi yale alikuwa amesimama mwanangu na bendera ya njano ya kuwaonya madereva.

Waitara hakufa. Amelala hospitalini, anaongea, anakula, anauliza hali ya gari. Ila kuanzia kiunoni kwenda chini, ukimgusa anauliza kama umeshamgusa.

Hayo mlishayasoma wiki iliyopita. Kuna jambo moja niliwaficha. Nililiruka makusudi.

Baada ya mzunguko wa tatu Precious alisimamisha gari. Mimi nilikuwa kwenye hema, hatua ishirini kutoka pale, nimevaa koti langu la Jumapili. Hakuja kwangu, angekujaje? Alimwita mama mkwe wake. Agustina akazitembea zile hatua ishirini, akaniinamia sikioni.

"Anasema pedali inazama. Anaomba uiangalie kabla hajarudi."

Palikuwa na watu. Palikuwa na mwalimu mmoja wa Musoma ambaye ndiyo kwanza alikuwa akinisifia ile ekzosi. Nikajibu bila kugeuza shingo.

"Mwambie breki hazina kosa. Kosa liko mguuni. Akanyage kwa nguvu."

Agustina akarudi na hatua zake ishirini. Nilimwona Precious akisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango wa gari. Mke wa mwana habishani na baba mkwe.

Basi, msomaji, hapo umeshajua ninachokijua mimi. Sasa nikwambie nilivyokitumia.

Jumatano mchana ukoo ulikaa sebuleni kwa Ezra. Ezra ni kaka yangu, na ndiye mkubwa wetu. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema mwanamke aliyemvunja mume wake hawezi kuendelea kulala katika nyumba ya mume huyo. Jumamosi arudishwe kwao Kenyamonta. Ng'ombe wa mahari walikwenda, hakuna anayewadai, kwa hiyo wajukuu wangu wawili wabaki.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja aliuliza kama yule mdogo ameshaacha ziwa. Akaambiwa ameacha. Basi, alisema, hakuna tabu.

Nikasimama. 

"Gari nilitengeneza mimi," nikasema. "Huenda kosa ni langu."

Nilisema huenda. Ningeliacha neno hilo moja, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia.

Ezra alicheka kidogo, kicheko cha kumpenda mtu. "Kaa chini, Hezekia. Tunajua unamwonea huruma mtoto wa watu. Miaka arobaini gari lililotoka mikononi mwako halijawahi kukataa kusimama. Lianze leo, na liwe la mwanao?"

"Mikono ya Hezekia," akasema mzee mwingine, na wote wakakubali.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Mwanangu hana miguu, mke wake ananyang'anywa watoto, nami nimesimama katikati ya sebule nasikia raha ya kusifiwa. Nikakaa.

Ezra akamaliza kwa jambo nililokuwa silijui. Alisema askari wa polisi anayeandika kesi yetu ameshachukua maelezo ya Precious, na Precious mwenyewe ameandika kwamba alichelewa kukanyaga breki. Ijumaa mchana Ezra atakwenda kituoni kuichukua taarifa.

"Karatasi ikisema vingine, tutakaa tena," alisema. "Sisi tunafuata karatasi."

Alichelewa kukanyaga. Nilitoka pale nikiyarudia maneno hayo. Mtu anayemfahamu Precious anajua kwamba hajachelewa kitu chochote tangu azaliwe.

Alhamisi asubuhi nilikwenda hadi uani kwa Waitara. Nilisimama mbali na mlango, upande wa jiko, nikakohoa. Precious alikuwa kibarazani akitenganisha nguo. Zake alikuwa akizitia kwenye begi. Za watoto alikuwa akizikunja kwenye beseni. Aliponisikia alinyanyuka, akanipa mgongo kama inavyotakiwa, akaniita baba kwa lugha yetu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Nimesikia ulichowaandikia polisi."

 Nikamuuliza kwa nini ameandika uongo.

"Waitara hatembei," alisema akiutazama ukuta. "Kila baada ya muda lazima ageuzwe, la sivyo mgongo unaoza. Mama peke yake hawezi kumwinua. Wakikuchukua wewe, nani atamgeuza? Mimi hata nikibaki ukoo hautanitaka. Afadhali niondoke mimi."

Aliyasema hayo bila kulia, kama mtu anayepanga mizigo kwenye lori, kipi kianze na kipi kifuate. Nami nilikuwa nimemwendea na ukweli mdomoni, nakuapieni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ndipo akauliza.

"Tata, naomba unisamehe nikuulize. Siku ile, mama alikwambia kwamba pedali inazama? Au alikwambia tu nina wasiwasi?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Mtoto wa watu ambaye kesho kutwa anaachanishwa na wanawe, bado alikuwa ananitafutia mimi pa kupita.

Nikapita.

"Aliniambia una wasiwasi," nikasema. "Habari ya kuzama sikuisikia."

Nilipogeuka, Agustina alikuwa nyuma yangu na kapu la viazi.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka arobaini na sita. Nilingoja aweke kapu chini anivue nguo pale pale. Aliniangalia kidogo tu, kisha akamtazama Precious mgongoni.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Ile ekzosi ilikuwa inanguruma. Nilisikia nusu, nikapeleka nusu."

Precious alishusha mabega. "Afadhali," alisema taratibu. "Nilikuwa nadhani alijua."

Nilimfuata Agustina jikoni. Alikuwa ameshaanza kumenya. Nikasimama mlangoni, nikaanza kusema kwamba ningerekebisha, kwamba kuna namna. Akanikata kabla sijamaliza.

"Baba Waitara, nilijua utasema vile kabla hujafungua mdomo. Nipishe mwanga, sioni viazi."

Nilidhani mambo yameishia pale, kwamba ni uongo wa nyumbani na utabaki nyumbani. Sikujua mke wangu amekwishapiga hesabu yake.

Mchana alivaa viatu akaenda kwa Ezra. Alimwambia kwamba Precious aliomba breki ziangaliwe, tena kwa maneno yaliyonyooka, na kwamba yeye Agustina ndiye aliyeumeza ujumbe njiani. Kwa hiyo kama kuna mwanamke wa kuondoka katika boma hili, waanze na yeye. Ezra alimpakia kwenye pikipiki yake wakaenda mjini. Yule askari alikuwa hospitalini akimhoji Waitara. Agustina alisimama kando ya kitanda cha mwanawe akayarudia yote, na akatia saini.

Agustina hajui kusoma. Kitu pekee anachojua kuandika ni jina lake. Nilimfundisha mimi, mwaka ule nilipomaliza masomo ya jioni, nikijivuna kwamba mke wangu hatawahi kuweka dole gumba mbele ya mtu.

Haya nilisimuliwa na Ezra, jua likiwa bado juu, aliposimamisha pikipiki kumshusha. Alinishika bega.

"Jina lako limesafika," alisema. "Una mke wa kweli, mdogo wangu."

Nikamuuliza habari ya Precious. Ezra alinitazama kana kwamba sikuelewa. Precious habadiliki, alisema. Alijua breki zinazama na bado akarudi kiwanjani kwa kasi; sasa ni mbaya zaidi. Jumamosi iko pale pale. Na Agustina askari amemwambia asisafiri, kwani anaweza kuitwa.

Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa umewala wanawake wawili, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki msafi.

Ijumaa asubuhi, kwa simu yangu ndogo ya vitufe, nilimtumia ujumbe Method, mwenye bodaboda, ninayemwamini kwa sababu pikipiki yake naitengeneza mimi. Nikamwomba apite kwangu kabla hajakwenda mjini. Ezra atatoka saa saba. Barua yangu ilipaswa kufika kabla yake.

Nikatandika meza. Nikachukua karatasi ndefu yenye mistari. Hati yangu ni nzuri; walimu wangu waliisifu. Nikaandika anwani, tarehe, na yahusu. Nikaeleza kuhusu zile breki kama kitabu kinavyotaka: nilivyozifungua, nilivyotoa hewa peke yangu kwa kipande cha mbao, na kwa nini njia hiyo haifai kwa gari la kasi. Nikaeleza kwamba Precious alisimama baada ya mzunguko wa tatu. Nikaeleza kwamba mke wangu aliniletea ujumbe wote, na kwamba mimi ndiye niliyemrudisha kiwanjani.

Agustina aliingia, akasimama upande wa pili wa meza. Akauliza ni barua ya nani. Nikamwambia.

"Ukiandika kwamba nilikufikishia," alisema, "mimi nitakuwa nimemdanganya askari."

"Ndiyo."

"Na Precious naye."

"Na Precious naye."

"Watatuita wote watatu. Waitara atageuzwa na nani?"

Niliitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu. Nikamwambia sijui. Nikamwambia nisipoandika, kesho saa nne watoto wataona mama yao akipandishwa pikipiki na begi. Nikiandika, huenda wakaona zaidi ya hayo. Sikuwa na njia ya tatu. Nilikuwa nimeitafuta tangu jana, kwenye kichwa hiki nilichokisomesha kwa shida, na haikuwamo.

Agustina alikaa. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, mistari asiyoweza kuisoma, kama mtu anavyomtazama ng'ombe anayemshuku.

"Basi andika," alisema. "Ila usiandike kwamba hukusikia vizuri."

Nikatazama chini. Ilikuwepo. Mstari wa kumi na tisa, kwa hati yangu nzuri: *kutokana na kelele nyingi za mahali pale, sikupata kuusikia ujumbe huo kikamilifu.* Nakuapieni sikukumbuka kuiandika. Mkono ulikwenda wenyewe, mikono hiyo hiyo ya Hezekia.

Niliichana karatasi. Nikachukua nyingine, nikaanza upya. Mara hii sikuweka maneno ya kitabu. Niliandika: *Mke wangu aliniambia pedali inazama. Nilisikia kila neno. Palikuwa na watu wananisifu, nikaona aibu kuinuka. Nikasema kosa liko mguuni.* Nikatia saini, na chini yake jina langu kamili.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka. Niliilamba mara mbili, haikushika. Agustina alikwenda jikoni, akarudi na tonge dogo la ugali wa jana, akalilainisha kwa vidole na kulipaka ukingoni. Nikakunja. Nikakandamiza kwa kiganja.

"Hapa pembeni bado," alisema, akapakandamiza mwenyewe, akahesabu pumzi kadhaa kabla ya kuinua mkono.

Method alikuwa ameshafika. Nikampa bahasha, nikamwonyesha jina la askari juu yake, nikamsomesha mara mbili. Nikamwambia asimpe mtu mwingine, hata Ezra akimsimamisha njiani akamwomba kwa upole. Aliuliza kama kuna jibu la kusubiri. Nikasema hapana. Akaiingiza ndani ya jaketi, akavuta zipu hadi shingoni, akaondoka. Nilibaki nikiisikiliza pikipiki hadi kwenye kona ya kanisa. Pale ilipunguza mwendo. Breki zake nilizifunga juzi.

Niliporudi ndani Agustina hakuwepo mezani. Alitoka chumbani amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akaenda kukaa kibarazani, mikono juu ya magoti, uso umeelekea barabarani.

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Siendi popote," alisema. "Wakija, wasinikute na nguo za shamba."